Kabala haielezi kwa nini tunateseka: uzi kuhusu umoja, kutoka Safed hadi Warsaw

Mzee wa Kurasa (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kwa nini Mungu anaacha watoto wafe kwa saratani. Majibu yakawa yaleyale: mtihani, dhambi za wazazi, shetani, "Mungu ana makusudi yake". Mmoja akatupia neno Kabala, kwamba Wayahudi wanayo siri ya jambo hilo, na baada ya hapo mjadala ukahamia kwa Freemason na kamba nyekundu za mkononi za wasanii wa Marekani. Nimeona niufungulie uzi wake.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusipotezeane muda. Anayekwenda Kabala kutafuta sababu ya mateso atarudi na sababu mbovu. Mafundisho yake yenye uzito ni yale ya umoja, nayo hayashughuliki sana na "kwa nini". Yanakuuliza wewe umesimama wapi wakati mwenzako anaumia.

La Freemason tulimalize haraka. Kabala ni elimu ya ndani ya dini ya Kiyahudi, kama tasawufi ilivyo kwa Waislamu. Kitabu chake kikuu, Zohar, kilianza kuonekana Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Waumini wa jadi wanakinasibisha na Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2. Wanahistoria wengi wanamtaja Moses de León, aliyefariki 1305. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.

Sasa twende 1492. Tarehe 31 Machi mwaka ule Ferdinand na Isabella walitia saini amri kwamba kila Myahudi abatizwe au awe ameondoka Hispania ifikapo mwisho wa Julai. Wengi walivuka kwenda Ureno, na huko 1497 wakabatizwa kwa nguvu. Wengine waliishia Afrika Kaskazini, Italia na nchi za Sultani wa Uthmaniya. Ndani ya dola hilo, juu ya milima ya Galilaya, kulikuwa na mji mdogo wa Safed uliokuwa ukiishi kwa kufuma sufu. Katika karne ya 16 mji huo ulijaa wajuzi kiasi cha kushangaza: Joseph Karo, mtunzi wa sheria ambazo Wayahudi wengi wanazifuata hadi leo, Moses Cordovero, aliyefariki 1570, na Isaac Luria.

Huyu Luria alizaliwa Yerusalemu 1534, akafiwa na baba mapema, akalelewa na mjomba wake Misri. Alifika Safed mnamo 1570, na mwaka 1572 tauni ikamwondoa akiwa na miaka 38. Mwenyewe aliandika kidogo sana. Tunayoyajua tumeyapata kwa wanafunzi, hasa Chayim Vital.

Kisa chake cha uumbaji ni hiki, kwa ufupi. Mungu asiye na mwisho alijibana ili ulimwengu upate nafasi. Nuru yake ikamiminwa katika vyombo, vyombo vikaelemewa, vikapasuka. Cheche 288 za nuru zikaanguka pamoja na vigae, na vigae vikawa maganda yanayozifunika. Kazi ya binadamu, kwa sala na kwa matendo, ni kuziinua cheche hizo zirudi zilikotoka. Wenyewe wanaiita tikuni, yaani matengenezo.

Angalieni mpangilio wa mambo hapo. Vyombo vimepasuka kabla Adamu hajagusa tunda. Ufa umetangulia dhambi ya mtu yeyote. Na Mungu hakubaki kando ya hasara hiyo: Shekina, uwepo wake ulio pamoja na watu, nayo iko uhamishoni. Mtu aliyesikia babu yake akisimulia alivyofukuzwa Hispania alikuwa na masikio ya kulisikia hilo. (Mwanahistoria wa Kabala Gershom Scholem alijenga hoja nzima kwamba kisa hiki ni jibu la 1492. Mtafiti mwenzake Moshe Idel akampinga kwamba ushahidi wa moja kwa moja ni haba. Namwona Idel ana hoja, ila bado siamini kwamba watu wale walisoma neno "uhamisho" bila kufikiria nyumbani.)

Tuje kwenye umoja. Luria alifundisha kwamba roho zote zilikuwa ndani ya roho moja ya Adamu, na kwamba kabla ya sala ya asubuhi mtu ajitwike kwanza amri ya Walawi 19:18, umpende jirani yako kama nafsi yako. Akiwa na mwenzake mgonjwa, au mwenye mtoto mgonjwa, aichukue shida ile na kuiingiza katika sala yake. Vital anaeleza pia kwamba mwalimu wake alikuwa akiisoma sala ya toba yote pamoja na dhambi ambazo hakuwahi kuzitenda, kwa kuwa Israeli wote ni mwili mmoja na kila mtu ni kiungo chake. Toba yenyewe imeandikwa kwa wingi tangu mwanzo: tumekosa, tumesaliti, tumeiba. Hakuna "nimeiba".

Cordovero anasema jambo hilohilo kwa lugha ya ukoo. Waisraeli ni ndugu wa damu, anasema, kwa kuwa ndani ya roho ya kila mmoja kuna sehemu ya mwenzake. Kwa hiyo mtu aumie kwa maumivu ya mwenzake kana kwamba yamempata mwenyewe.

Nitaendelea na sehemu ya Warsaw, nipeni muda kidogo.

---

Kiboko ya Hoja:

Mkuu andiko limeshiba, ila swali umelikwepa. Vyombo vimepasuka, sawa. Fundi wa vyombo ni nani? Mimi nikitengeneza chungu kikapasuka jikoni kwa mteja, silaumu chungu.

Mzee wa Kurasa:

Mkuu Kiboko, swali hilo wamelizungumza wao wenyewe kwa karne kadhaa. Wapo wanaosema kupasuka kulikusudiwa, kwamba bila maganda hakuna uovu, na bila uovu hakuna uchaguzi. Mimi jibu hilo halinishibishi, na sitakuuzia kitu ambacho mwenyewe sinunui.

Ila nikupeleke kwenye Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Safed. Kuna ukurasa katika kitabu chake kiitwacho Berakhot ambao marabi wanajadili mateso kinadharia: mtu akiteseka apekue matendo yake, asipoona kosa basi labda ni "mateso ya upendo", na kadhalika. Mmoja wa wazungumzaji ni Rabi Yochanan, aliyezika watoto kumi na alikuwa akionyesha watu mfupa wa yule wa kumi.

Halafu ukurasa unageuka. Rabi Hiya bar Aba anaugua, Yochanan anaingia kumjulia hali. Anamwuliza: mateso haya unayapenda? Anajibu: siyapendi, wala thawabu yake siitaki. Yochanan anamwambia: nipe mkono. Anampa, anamwinua. Baadaye Yochanan mwenyewe anaugua, Rabi Hanina anaingia, maneno ni yaleyale, mkono ni uleule. Talmudi inauliza: kwani Yochanan alishindwa kujiinua mwenyewe? Jibu: mfungwa hajitoi gerezani.

Yaani mabingwa wa nadharia, walipolala kitandani, waliitupa nadharia pamoja na thawabu yake. Hakuna aliyemkaripia mgonjwa kwa kukosa imani.

---

Bint Shariff:

Assalaam alaykum wadau. Mzee wa Kurasa, hilo la mwili mmoja kwetu si geni. Hadithi ya Nu'man bin Bashir, ipo kwa Bukhari na Muslim: mfano wa waumini katika kupendana na kuhurumiana ni kama mwili mmoja, kiungo kimoja kikilalamika mwili wote unashiriki kwa kukesha na homa. Nimesoma maelezo yako nikaona kama niko darsani Lamu.

Mtumishi wa Sinza:

Na 1 Wakorintho 12:26, kiungo kimoja kikiumia viungo vyote huumia nacho. Barikiwa dada.

Mzee wa Kurasa:

Wa alaykum salaam Bint Shariff, na Mtumishi pia. Ujirani upo kabisa. Tofauti ninayoiona ni kwamba hadithi inasema "mfano wa", wakati Luria hatoi mfano. Anaamini roho yako na yangu zilikatwa kwenye roho moja, na kwamba tendo langu linabadilisha hali ya Mungu mwenyewe katika ulimwengu wake. Kabla ya kutimiza amri, wafuasi wake husema wanafanya hivyo ili kumuunganisha Mtakatifu na Shekina yake. Hapo najua masheikh wengi watasimama, na wachungaji pia.

---

Chuma cha Pua:

Mnapambana na maua tu. Mimi nimesoma kwamba Kabala wanaamini mtu anazaliwa upya. Sasa mtoto wa saratani si itakuwa analipa deni la maisha yaliyopita? Huo umoja uko wapi?

Mzee wa Kurasa:

Chuma, umesoma sawasawa. Mafundisho ya roho kurudi yapo, na kati ya vitabu vya Vital kuna kimoja kizima juu yake. Hiyo ndiyo sehemu ninayoikataa bila kung'ata maneno, na matunda yake yameshaonekana hadharani. Agosti 2000 Rabi Ovadia Yosef, aliyewahi kuwa rabi mkuu wa Wasefardi (Wayahudi wenye asili ya Hispania) wa Israeli, alihubiri kwamba waliouawa na Manazi walikuwa roho za wakosaji wa zamani zilizorudi kusafishwa. Nchi ilichafuka. Walionusurika makambini walikuwa bado hai, wanasikiliza redio.

Kwa hiyo ndani ya nyumba hiyohiyo kuna mlango unaokwenda kwa mgonjwa na mwingine unaokwenda kumhukumu. Mtu anachagua apite wapi, na hawezi kusingizia kitabu.

---

Mzee wa Kurasa (inaendelea: Warsaw):

Haya, tuendelee. Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi.

Kalonymus Kalman Shapira alizaliwa 1889, akawa rabi wa Wahasidi wa Piaseczno, mji mdogo karibu na Warsaw, Poland. Wahasidi ndio walioitoa Kabala kwa wajuzi wachache katika karne ya 18 na kuipeleka kwa wachuuzi na waendesha mikokoteni wa Ulaya Mashariki. Shapira alikuwa mtu wa malezi. Alianzisha chuo Warsaw 1923, na 1932 akachapisha kitabu cha kuwafunza wanafunzi ambacho bado kinasomwa.

Septemba 1939 mabomu ya Wajerumani yalimjeruhi mwanawe wa pekee wa kiume. Ndugu walipokuwa wakisubiri nje ya hospitali bomu jingine likaua mke wa kijana huyo pamoja na shangazi wa ukoo. Kijana mwenyewe akafa siku chache baadaye. Muda si mrefu mama yake rabi naye akafariki.

Mwezi wa Novemba mwaka uleule akasimama kuhubiri juu ya kifo cha Sara. Katika Mwanzo, kifo cha Sara kimewekwa mara baada ya Ibrahimu kutaka kumchinja Isaka. Shapira akasema Musa alizipanga habari hizo pamoja kwa makusudi, kumtetea binadamu mbele za Mungu: tazama, mateso yakipita kiasi hayamsafishi mtu, yanamuua, na kama hata Sara hakuweza kuyabeba, sisi tutaweza vipi? Kisha akaongeza kwamba pengine Sara mwenyewe alikufa kwa ajili hiyo, ili Mungu aone. Rabi aliyefiwa na mwana anamwambia Mungu waziwazi kwamba kipimo kimezidi.

Ghetto, mtaa ambao Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warsaw, ilifungwa Novemba 1940. Aliendesha jiko la supu nyumbani kwake na aliendelea kuhubiri siku za Sabato, kisha baada ya Sabato akiyaandika mahubiri kwa Kiebrania. Yanaanzia 1939 hadi Julai 1942, mwezi ambao treni za kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka zilianza kuwachukua watu.

Ukiyafuata kwa mpangilio unaona maelezo yakipungua. Mwanzoni bado anajaribu: toba, adhabu, mifano ya madhila ya zamani. Kufikia mwanzoni mwa 1942 anang'ang'ania jambo moja kutoka Talmudi, kwamba Mungu anao vyumba vya ndani ambako analia kwa siri. Kwa nini kwa siri? Kwa sababu, anasema Shapira, huzuni ya Asiye na Mwisho haina mwisho, na cheche yake moja ikitokea nje ulimwengu utaungua. Binadamu anayelia peke yake juu ya msiba wake anaweza kuvunjika asiweze hata kufungua kitabu. Akiingia kwenye chumba kile akalia pamoja na Mungu, anapata nguvu ya kuinuka, kusoma, kutenda.

Huu ndio umoja ule wa Safed ukiwa umefika mwisho wa uwezo wake. Hauelezi kitu. Shekina iliyo uhamishoni imekuwa Mungu mwenye msiba, na mtu wa ghetto si mshtakiwa wake tena, ni mfiwa mwenzake.

Mwishoni mwa 1942 alirudi kwenye hotuba ya mwaka uliotangulia, ambapo alikuwa amesema madhila kama haya yamewahi kuwapo. Akaongeza kijitanbihi: hadi katikati ya 1942 ilikuwa hivyo, lakini ya sasa hayana mfano. Kauli yake ya zamani akaiacha palepale na mpya chini yake. Msomaji anaona zote mbili.

Karatasi zake ziliingia katika hifadhi ya siri ya mwanahistoria wa ghetto, Emanuel Ringelblum, wakazifukia ndani ya madebe ya maziwa. Shapira mwenyewe aliuawa 1943. Madebe yalifukuliwa Desemba 1950, na mahubiri yakachapishwa 1960.

---

Kiboko ya Hoja:

Hapa nimekaa kimya. Mungu anayelia nampokea kwa shida, ila mzee huyo namheshimu.

Mgeni wa Mbale:

Ndugu zangu, habari za huko. Mimi niko Uganda, jirani na Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wale waliomfuata Semei Kakungulu alipoingia Uyahudi 1919. Wakati wa Amin dini yao ilipigwa marufuku, wakasali kwa kujificha. Najua wanavyozikana na kulimiana. Sijasikia mzee wao yeyote akitaja cheche 288.

Mzee wa Kurasa:

Karibu ndugu Mgeni. Na sidhani wanazihitaji.

Chuma cha Pua:

Swali la mwisho kutoka kwangu. "Israeli wote mwili mmoja." Sisi wengine ni mwili wa nani? Umeliruka hilo kimyakimya mkuu.

Mzee wa Kurasa:

Lina haki ya kuulizwa. Shneur Zalman wa Liadi, mwanzilishi wa Chabad, tawi la Wahasidi, aliandika mwishoni mwa karne ya 18 kitabu ambacho sura yake ya 32 ni kati ya maandiko mazuri kabisa kuhusu upendo: miili ndiyo inayotutenganisha, roho zina shina moja, anayeweka mwili mbele hawezi kumpenda mwenzake kwa dhati. Sura ya kwanza ya kitabu hichohicho inasema roho za mataifa mengine zimetoka kwenye maganda yasiyo na wema. Siwezi kukupa ile nikakuficha hii.

Lakini Vital, mwanafunzi wa Luria mwenyewe, aliandika kwamba mtu awapende viumbe wote, hata wasio Wayahudi. Mwaka 1797, katika mji wa Brünn, Pinchas Hurwitz alichapisha kitabu akaifanya kauli hiyo kuwa mlango mrefu: jirani wa Walawi 19 ni kila binadamu, kwa sababu watu wote wanategemeana kuishi. Hurwitz naye alikuwa mtu wa Kabala kindakindaki. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyemsoma Luria hadi mwisho, maana kama roho zote zilikuwa ndani ya Adamu, Adamu hakuwa na taifa.

---

Mama Pacha:

Nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi ni muuguzi wodi ya watoto, sitasema wapi. Kaka Mzee wa Kurasa, hayo ya kumhukumu mgonjwa unayoyasema ya marabi yapo hapa kila siku saa ya kuona wagonjwa. Mama kakaa na mtoto wake mwezi mzima, hajalala, anakuja ndugu na Biblia au tasbihi anamwuliza "umekaa ukajichunguza lakini?" Akiondoka mimi ndiye ninayebaki na yule mama. Hao wa Talmudi wana lolote la kumwambia mgeni wa hospitali?

Mzee wa Kurasa:

Pole na kazi dada. Wanalo tena la kawaida sana. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba mchana na usiku, walikaa naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua vinywa.

Na katika Nedarim, kitabu kingine cha Talmudi, kuna mwanafunzi wa Rabi Akiva aliyeugua, wajuzi wasiende kumwona. Akaenda Akiva mwenyewe. Nyumba ikafagiwa, sakafu ikanyunyizwa maji ili vumbi litulie. Yule kijana akapona, akamwambia: rabi, umenipa uhai. Hakuna hotuba iliyoandikwa hapo.

Mama Pacha:

Hilo la kufagia wodini kwetu haliruhusiwi, kuna watu wa usafi na watagomba. Ila mgeni akitaka kazi zipo: amshikie mtoto mama akaoge, afue zile kanga, alete uji wa moto kwenye chupa ya chai kwa sababu wa hapa ukifika umeshapoa. Jana kuna bibi alikuja akafanya yote matatu, na maombi akayafanyia korido.